Nyoka, Moto na Ndege: Syokimau na Suala la Kiongozi Akumbukwaye katika Fasihi Simulizi

Suala la uongozi limeshughulikiwa kwa mapana katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, lakini aghalabu limeshughulikiwa kwa upande wa lawama. Tangu Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) hadi tamthilia za kisiasa zilizofuata uhuru, kiongozi tumpataye katika maandishi yetu ni yule wa kushtakiwa, na wanafunzi wetu wamekuwa mafundi wa kuorodhesha maovu yake. Swali la pili, yaani ni nini kimfanyacho kiongozi astahiwe na watu wake na akumbukwe baada ya kufa, limeachiwa hotuba za sikukuu za taifa na vitabu vya kiada. Humo tunaambiwa kwamba kiongozi bora ni mkweli, mwadilifu, mwenye bidii na mwenye kushika wakati. Orodha ambayo, kwa maoni yetu, ingemfaa pia karani mzuri wa benki. Katika makala haya tunakusudia kulirejesha swali hilo katika fasihi simulizi, mahali ambapo jamii zetu zililijibu kabla ya kuwapo kwa hotuba, na kulichunguza kwa mfano mmoja: Syokimau, mwathani, yaani mtabiri, wa Wakamba wa karne ya 19.

Tumemchagua kwa kuwa anawasumbua wahakiki. Hakuongoza jeshi, hakumwaga damu, hakutawala hata kijiji kimoja. Hata jina lake, lenye mwanzo ule wa syo- uonekanao katika majina mengi ya wanawake wa Kikamba kama Syombua na Syokau, halina cheo chochote mbele yake. Hata hivyo, jina hilo leo hutajwa kila siku katika eneo la Mavoko, Kaunti ya Machakos, na makondakta wa matatu, wauza viwanja, na abiria wa gari moshi. Mwandishi wa makala haya amewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza Syokimau ni nani. Mmoja alisahihisha swali lenyewe kwa adabu: "Samahani mwalimu, Syokimau ni wapi."

Mighani yenyewe ni fupi. Simulizi nyingi zinamweka Syokimau katika vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos wa leo. Inasimuliwa kwamba kabla ya wageni kufika aliona nyoka mrefu akipita nchini, akitoa moto na moshi, mkia wake ukiwa kwenye maji ya mashariki na kichwa chake kwenye maji ya magharibi. Aliona pia watu wenye ngozi kama nyama mbichi, wasemao kama ndege, wachukuao moto mifukoni mwao. Kisha mambo yakatokea. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali tupaitapo leo Kisumu. Nyoka ni gari moshi, watu wale ni Wazungu, moto ni viberiti. Hapo ndipo msimulizi wa kawaida huishia, na hadhira hutikisa kichwa kwa mshangao.

Usomaji huu umeenea mno, na ndio tunaotaka kuupinga. Kosa lake ni kuufanya utabiri kuwa kitendawili: Syokimau akatega, historia ikategua. Na kitendawili kikishateguliwa hakina kazi tena. Mtegaji husifiwa kwa werevu wake, kisha watu hulala. Iwapo hiyo ndiyo sababu ya kumkumbuka, basi tunamkumbuka kama tumkumbukavyo mtu aliyewahi kubahatisha matokeo ya mchezo.

Shujaa na kipimo chake

Tuanze kwa kuuliza kwa nini uhakiki wetu umempita mtu huyu. Sababu ni ya kihistoria. Ruth Finnegan alipochapisha mwaka 1970 kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika, na kudai kwamba utendi si utanzu ulioenea barani humu, wahakiki wa Kiafrika walimjibu kwa bidii, na mwaka 1979 Isidore Okpewho akatoa kitabu kizima juu ya utendi wa Afrika. Walikuwa na haki ya kujibu. Lakini jibu hilo lilitugharimu kitu. Ili kuonyesha kwamba sisi pia tunao mashujaa, tuliwatafuta wale wanaofanana na mashujaa wa Wagiriki: wenye mabavu, wenye silaha, wenye maajabu mwilini na wenye kufa kwa kusalitiwa na jamaa. Aliyekosa mkuki alikosa pia nafasi katika sura ya kwanza ya tasnifu.

Fumo Liyongo aliingia katika kipimo hicho bila taabu, na ni yeye hasa tungependa kumtazama upya. Katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo aliyekwisha kudungwa sindano ya shaba kitovuni anafia kisimani akiwa amepiga goti, upinde wake tayari, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Ni picha kali ya kiongozi anayetiiwa kwa hofu: mji mzima unaamriwa na maiti. Lakini utii huo ulidumu kwa siku chache tu. Mwili ulipoanguka, ndoo zilirudi kisimani. Kilichodumu vinywani mwa watu wa Lamu, Pate na Tana ni mambo mengine kabisa: tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, mjakazi Saada akitumwa nao gerezani, na kelele za gungu nje ya gereza zikifunika sauti ya chuma kinachokatwa. Hayo si mabavu. Ni werevu wa mtu aliyefungwa, uliowekwa katika picha ambayo hata mtoto huweza kuichukua nyumbani.

Ukichunguza mighani nyingine za pwani na bara utakuta hali ni hiyo hiyo. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama mwaka 1913, akiwakusanya kwa ngoma ya mazishi iitwayo kifudu, wakakataa kutoa vijana wao kwa kazi za serikali ya kikoloni. Vita vilivyofuata vina tarehe zake katika kumbukumbu za serikali. Simulizi ipendwayo zaidi juu yake, hata hivyo, ni ya kuku mwenye vifaranga: Mekatilili anamtaka ofisa wa Kiingereza ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, kuku anamrukia na kumdonoa, na hoja imekwisha kuelezwa. Hakuna Mgiriama aliyehitaji kufafanuliwa mfano huo. Kila boma lilikuwa na kuku.

Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza ni kwamba kiongozi hukumbukwa kwa kadiri anavyowaachia watu picha wanayoweza kuibeba wenyewe, bila yeye kuwapo. Nguvu za mwili huzikwa pamoja na mwili. Cheo hurithiwa na mwingine. Picha haina mrithi rasmi, na ndiyo maana haifi. Kwa upande huu Syokimau si shujaa mpungufu asiye na mkuki. Yeye ni mfano safi zaidi wa jambo ambalo kwa Liyongo na Mekatilili limechanganyika na mengine.

Moto mfukoni

Sasa tuirudie picha yenyewe, maana wengi huitaja na wachache huisoma.

Nyoka amepata sifa zote. Ni yeye aliyechorwa katika vitabu vya watoto, na ni yeye atajwaye magazetini kila reli inapozungumzwa. Kisanaa, hata hivyo, nyoka ndiye sehemu iliyo ya kawaida zaidi katika utabiri huu, na inampasa mhakiki akiri kwamba si mali ya Wakamba peke yao. Wanandi walikuwa na Kimnyole, orkoiyot aliyesimuliwa kuwa aliona nyoka wa moto akija kutoka mashariki. Wagikuyu walikuwa na Mugo wa Kibiro, ambaye habari zake ziliandikwa na Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya mwaka 1938, naye pia aliona nyoka wa chuma. Tukiifuata reli kutoka pwani hadi ziwani tunakutana na nyoka huyo kila baada ya lugha moja. Ama watabiri watatu waliona jambo moja, ama picha moja ilisafiri, pengine kwa reli ile ile.

Hapa wapo watakaosema kwamba utabiri wote huu ulitungwa baada ya tukio, na kwamba hakuna nyoka aliyeonwa kabla ya 1896. Hoja hiyo ni nzito na haifai kufunikwa kwa uzalendo. Maandishi tuliyo nayo ni ya baada ya reli. Lakini kwa mhakiki wa fasihi hoja hiyo haifungi mlango, inaufungua mwingine. Kama utabiri ulisimuliwa upya, au hata kutungwa, baada ya treni kupita, basi unatueleza jambo la thamani zaidi kuliko uwezo wa kuona mbele. Unatueleza jamii iliyopatwa na msiba ilitamani iwe imekuwa na kiongozi wa namna gani. Haikumtunga mtu aliyempiga mgeni akashinda. Haikumtunga mfalme aliyetia saini mkataba mzuri. Ilimweka mwanamke mlimani, aliyewaambia mapema.

Na aliwaambia nini? Tuyaache macho yetu kwa nyoka, tutazame moto. Katika maisha ya kijijini, moto ni jambo la ujirani. Hukaa mekoni, hufunikwa majivu usiku, na ukizimika mtoto hutumwa nyumba ya pili na kigae akaombe kaa. Anayeomba moto huomba pia habari. Anayetoa moto hukubali kwamba kesho yeye ndiye ataomba. Mtu achukuaye moto mfukoni mwake ni mtu asiyehitaji jirani. Anaweza kulala popote, akawasha popote, akaunguza popote, bila kubisha hodi kwa yeyote. Hilo ndilo jambo la kutisha katika utabiri huu, na limesemwa kwa maneno machache, bila kelele, kwa kifaa kidogo kuliko vyote. Kiberiti ni kidogo kuliko gari moshi, lakini kinasema mengi zaidi juu ya ukoloni.

Ndege nao wamepuuzwa. Wasimulizi hueleza kwamba maana yake ni kuwa lugha ya wageni haikufahamika. Ni kweli, lakini lugha za Wamasai na Wagikuyu pia hazikufahamika na kila Mkamba, na hakuna aliyewaita ndege. Tofauti ni kwamba ndege husemezana wao kwa wao. Unawasikia, hata huwafurahia, lakini huwezi kuwajibu wala kuwasuta, na wao hawangoji jibu. Syokimau anatabiri ujio wa watu ambao mazungumzo nao hayawezekani. Ukiunganisha moto na ndege unapata wageni wasioomba na wasiojibika, na nyoka ni chombo tu cha kuwaleta. Utabiri huu, basi, hauhusu usafiri. Unahusu ujirani na kuvunjika kwake.

Ukubwa ni jaa

Tukikubali hayo, tunaweza kuuliza swali la pili: kwa nini picha hii ilimletea mtoaji wake heshima, wakati habari mbaya kwa kawaida humletea mtoaji wake chuki?

Ni vyema kukumbuka mpangilio wa jamii aliyoishi. Wakamba hawakuwa na wafalme. Mambo yaliamuliwa na nzama, baraza la wazee, na wanaume walikutana thome, uwanja wa mbele ya boma, ambako wanawake hawakuwa na kiti. Vitani na mawindoni aliongoza mũthiani, na uongozi wake ulikwisha safari ilipokwisha. Mtu aliweza pia kukua kwa biashara, kama Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, aliyepeleka misafara Mombasa na aliyempokea Ludwig Krapf mwaka 1849. Krapf alimwandika kana kwamba ni chifu mkuu, kwa kuwa mgeni hutafuta chifu. Kivoi aliuawa njiani mwaka 1851 karibu na mto Tana, na kwa kiasi kikubwa umaarufu wake ng'ambo ya Ukambani umehifadhiwa na kalamu ya mgeni huyo. Utajiri ulimpa wafuasi. Wafuasi walitawanyika siku moja.

Syokimau hakuwa na thome wala misafara. Nafasi ya mwanamke mtu mzima kusema hadharani ilikuwa kwenye ithembo, mahali pa kutolea sadaka, na katika kilumi, ngoma ya wanawake ihusishwayo na pepo na maombi ya mvua. Hizo ni nafasi zenye heshima, lakini hazina walinzi. Asemaye humo hana cha kumlazimishia msikilizaji wala cha kujikingia asipopendwa alichosema. Waswahili wana methali isemayo kwamba ukubwa ni jaa, kwa maana kwamba mkubwa hutupiwa kila taka. Kwa kawaida tunaifasiri kuwa ni wito wa subira kwa wenye vyeo. Yafaa tuisome pia kinyume chake: anayekubali kutupiwa taka ndiye huwa mkubwa, awe na cheo au asiwe nacho.

Hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Kimnyole alipigwa marungu hadi kufa na Wanandi wenzake mwaka 1890, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Mugo wa Kibiro, kwa mujibu wa Kenyatta, aliamka kutoka katika ndoto yake akitetemeka, asiweze kusema, mwili ukiwa na michubuko, na iliwabidi wazee watoe sadaka ili aweze kunena. Simulizi hizi zinafahamu kwamba kuona si kazi. Kazi ni kufungua kinywa. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) kazi hiyo imepewa mwisho wake wa kutisha: mtabiri anatambua kwamba alilolitamka limekwisha kumshinda ukubwa, anatilia shaka maji yake mwenyewe, na bado, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutangaza kuwa yalikuwa uongo, kwa sababu ya vizazi vitakavyokuja kusikia tangazo hilo. Kinjikitile wa historia alinyongwa Agosti 1905. Yule wa Hussein anakufa kwa ajili ya hadhira ambayo bado haijazaliwa.

Mighani ya Syokimau haina kifo cha namna hiyo, na ukimya huo ni sehemu ya maana yake. Haitajwi kwamba aliuawa. Haitajwi pia kwamba alilipwa ng'ombe, wala kwamba ukoo wake ulipata ardhi au cheo kwa sababu ya alichokisema. Nyoka alipofika, hakumletea chochote. Kwa kweli hakuiletea hata Machakos: kampuni ya Waingereza ilikuwa imejenga kituo chake huko mwaka 1889, lakini reli ilipita chini uwandani, na mwaka 1899 makao ya serikali ya mkoa yakahamishiwa Nairobi, ambayo ilikuwa kambi ya wajenzi wa reli. Mtabiri ambaye utabiri wake ulitimia kwa kuupita mji wake mwenyewe hakika si mtu aliyenufaika. Tunaamini kwamba hapa ndipo heshima yake ilipozaliwa. Watu husamehe mengi kwa kiongozi, lakini kumbukumbu yao ina hesabu kali: humkumbuka kwa upendo yule ambaye neno lake liliwafaa wao kuliko lilivyomfaa yeye.

Mtu wa mwaka 1938

Ili hoja yetu isionekane kuwa inadharau vitendo, hebu tumtazame kiongozi mwingine wa Ukambani ambaye njia yake ilipitia uwanda huo huo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, kwa hoja ya mmomonyoko wa udongo, na kiwanda cha nyama kilikuwa tayari Athi River, kilomita chache tu kutoka mahali paitwapo leo Syokimau. Ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Samuel Muindi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Muindi Mbingu, aliwaongoza wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi mwezi Julai wa mwaka huo, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Gavana Brooke-Popham alilazimika kwenda Machakos kuzungumza na watu. Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima uliachwa.

Kwa kipimo cha matokeo Muindi anamshinda Syokimau mara kumi. Alipata alichokidai, na aligharimika kwa kukipata. Anakumbukwa, barabara moja ya katikati ya Nairobi ina jina lake. Lakini ukitaka kumweleza Muindi kwa mtoto inakubidi umweleze kwanza sera ya ardhi, idadi ya mifugo na ripoti za maofisa. Kisa chake ni kikubwa ila hakijapata picha yake, na ndiyo maana kinaishi zaidi katika vitabu vya wanahistoria kuliko jioni mekoni. Hili si kosa lake. Ni deni la watunzi. Picha ya umati uliolala nje kwa majuma kadhaa mlangoni pa gavana ingetosha kumpa mshairi mzuri kazi ya mwaka mzima, na inashangaza kidogo kwamba mtu huyo alihamishiwa Lamu, mji wa tenzi, bila kupata utenzi ujulikanao kama ule wa Liyongo.

Kwa hiyo hatudai kwamba neno ni bora kuliko tendo. Tunadai kwamba kukumbukwa na kustahili kukumbukwa ni vitu viwili, na kwamba kati yake hukaa msanii, awe fanani wa mekoni au mwandishi wa tamthilia.

Kituo

Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha reli cha Syokimau. Mwaka 2017 kituo kikuu cha Nairobi cha reli mpya ya kutoka Mombasa kilifunguliwa katika eneo hilo hilo, na mwaka 2022 barabara kuu ya kulipia, ianziayo Mlolongo, iliweka hapo mojawapo ya vituo vyake vya malipo. Kila mara jina la mtabiri limetajwa kwa fahari: aliona mbali, na sasa nchi imefika alikoona. Hakuna shaka kwamba waliolichagua jina walikuwa na nia njema, na ni afadhali kituo kiitwe Syokimau kuliko kiitwe kwa jina la mfadhili.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza kumbukumbu ya aina hii inahifadhi nini. Inamhifadhi nyoka. Onyo limegeuzwa kuwa baraka, na mwanamke aliyewaambia watu wake wawe macho amefanywa shahidi wa upande wa reli. Moto na ndege wameachwa nje ya lango. Na mahali penyewe hapakosi mifano ya kuwakumbusha: Novemba 2011, mwaka mmoja kabla ya kituo kufunguliwa, tingatinga zilibomoa nyumba za wakazi wa Syokimau kwa hoja kwamba zimejengwa juu ya ardhi ya uwanja wa ndege. Familia zilizokuwa na hati mikononi zilisimama kando ya vifusi zikieleza kesi yao kwa watu ambao hawakuwa wamekuja kusikiliza. Hatusemi kwamba Syokimau alilitabiri jambo hilo; huko kungekuwa ni kurudia mchezo wa kitendawili. Tunasema kwamba picha yake bado inaweza kulieleza, jambo ambalo jina lililoandikwa juu ya ukuta haliwezi.

Kazi iliyo mbele ya idara zetu ni ya kawaida na haina utukufu mwingi. John Mbiti alikusanya ngano za Wakamba na kuzichapisha mwaka 1966, na kazi yake imetufaa sana. Mighani za waathani zinahitaji kukusanywa kwa uangalifu kama huo, kwa Kikamba kwanza na kwa Kiswahili baadaye, toleo kwa toleo, jina la kijiji na umri wa msimulizi vikiandikwa, na kila tofauti ikihifadhiwa badala ya kusawazishwa. Yapasa tujue ni wasimulizi gani wanaotaja moto na ni nani wanaouacha, na kama wanawake humsimulia Syokimau kama wanaume wanavyomsimulia.

Wapo pia watunzi. Emmanuel Mbogo amekwisha kuonyesha katika Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988) kwamba mtu wa miujiza wa mighani anaweza kusimama jukwaani kwa Kiswahili bila kugeuzwa kikaragosi. Syokimau bado hajapata tamthilia yenye uzito wa Kinjeketile, na atakayeiandika atakutana na ugumu ambao Hussein hakuwa nao. Mtazamaji wa Kinjeketile anajua kwamba maji hayatazuia risasi, na maarifa hayo humjaza huruma. Mtazamaji wa Syokimau anajua kwamba nyoka atakuja, lakini maarifa hayo yatamjaza fahari tu, maana huenda amefika ukumbini kwa treni. Mwandishi hatakuwa na haja ya kuhangaika sana na maono yenyewe. Mhusika mgumu atakuwa yule jirani wa kike wa mlimani Iveti anayesikiliza huku ameshika kigae chake mkononi, aliyekuja asubuhi ile kuomba moto.